Kwanza Lipime: Hotuba Kuhusu Mawe ya Mizani ya Burma

Waheshimiwa wazee, mabibi na mabwana, ndugu zangu wapenzi wa vitu vya kale,

Nawashukuru kwa kufika jioni hii, nikijua kwamba wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja. Mezani mbele yenu kuna vipande vinane vya shaba. Sita ni ndege na viwili ni wanyama wa miguu minne. Kilicho kidogo kuliko vyote kinakaa juu ya ukucha wa kidole gumba, na kilicho kikubwa kuliko vyote kimewekewa mpini mgongoni kwa sababu kina uzito unaozidi kilo moja na nusu. Mtu anayeviona kwa mara ya kwanza huuliza kama ni sanamu za ibada au mapambo ya kabati. Hapana, haya ni mawe ya mizani. Natumia jina hilo kwa makusudi, kwa kuwa ndilo tulilolisikia sote utotoni dukani kwa muuza nafaka, ambako jiwe lilikuwa kipande cha chuma kisicho na sura yoyote, nasi tuliendelea kuliita jiwe kama walivyoliita waliotutangulia. Waburma nao, watu wa nchi ambayo leo inaitwa Myanmar, walikuwa na mawe yao, isipokuwa kwamba wao waliyasubu kwa umbo la wanyama, na ndiyo niliyoyakusanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Neno langu la leo ni moja, nami naomba mlishike tangu sasa ili yote nitakayoyasema baadaye yaelekee huko. Kitu hiki kilitengenezwa kiwe na uzito fulani. Uzuri wake unatuvutia, lakini uzito ndio kazi yake na ndio ukweli wake, kwa hiyo mkusanyaji asiyemiliki mizani hajui alicho nacho.

Tuanze na soko lenyewe. Ufalme wa Burma, chini ya nasaba ya Konbaung iliyotawala kuanzia 1752 hadi Waingereza walipouangusha mwaka 1885, uliendesha biashara kubwa kwa muda mrefu bila sarafu yake. Michael Symes, aliyetumwa huko mwaka 1795 kama balozi kutoka Bengal, aliandika kwamba fedha iliyotumika ilikuwa vipande vya madini ya fedha visivyopigwa chapa, pamoja na madini ya risasi kwa manunuzi madogo. Fikirini maana yake. Mama anayekwenda sokoni kununua pamba au chai hana sarafu ya kuhesabu mkononi. Ana kipande cha madini, na kabla ya kununua chochote lazima mambo mawili yajulikane: fedha hiyo ni safi kwa kiasi gani, na ina uzito gani. Jambo la kwanza lilikuwa na wataalamu wake, walioitwa pwe-za, ambao walipima usafi wa madini na kulipwa ujira kwa kazi hiyo. Jambo la pili lilikuwa la mizani. Jiwe moja lilipima bidhaa kwenye kitanga, na jiwe jingine la jamii hiyohiyo likapima malipo. Likikosewa jiwe, vyote viwili vimekosewa.

Kipimo cha msingi kilikuwa kile ambacho wafanyabiashara wa kigeni walikiita tikali na Waburma wenyewe wakakiita kyat, chenye uzito wa takriban gramu 16.3. Tikali 100 zilifanya kipimo kikubwa kilichoitwa visi kwa wageni na peiktha kwa wenyeji, yaani takriban kilo 1.63. Mawe yalipangwa kwa ngazi ambazo ninyi nyote mnazijua, maana noti na sarafu zilizomo mifukoni mwenu zinazifuata: 1, 2, 5, 10, 20, 50 na 100. Hesabu hiyo ya makumi ilishuka mpaka tikali moja, kisha chini yake ikageuka kabisa na kufuata kukata nusu kwa nusu: nusu tikali, robo, na kuendelea mpaka pe, ambayo ni sehemu ya 16 ya tikali. Mimi huona jambo hili ni la busara, kwa sababu mwenye bidhaa nyingi huhesabu kwa makumi, lakini mwenye kipande kidogo cha fedha au dhahabu hukikata katikati, na kila nusu akaikata tena katikati.

Chini kabisa ya ngazi hiyo kulikuwa na mbegu. Pe moja ilihesabiwa kuwa ywe kubwa nne, na ywe kubwa ni mbegu nyekundu ya mti ambao wataalamu wa mimea huuita Adenanthera pavonina. Ywe ndogo, ambayo ni nusu ya ile kubwa, ni mbegu ya turituri, hiyohiyo nyekundu yenye doa jeusi ambayo watoto wa pwani yetu huiokota vichakani. Nilipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza nilitoka nje nikaokota turituri kumi na kuziweka kwenye mizani ya sonara. Si kila mbegu ina uzito sawa na mwenzake, lakini ukizipima nyingi kwa pamoja utaelewa kwa nini wafua dhahabu wa India na Burma waliziamini kwa karne nyingi.

Mfalme Mindon ndiye aliyeanzisha sarafu zilizopigwa kwa mashine, mwaka 1865, katika kiwanda cha sarafu cha Mandalay kilichowekewa mitambo kutoka Birmingham, nazo zilikuwa na picha ya tausi. Hapo jina na uzito vilianza kuachana. Sarafu yake iliitwa kyat, lakini uzito wake ulifuata rupia ya India, takriban gramu 11.7, rupia ileile ambayo babu zetu wa Zanzibar na Mombasa waliifunga kwenye pindo la nguo. Mpaka leo fedha ya Myanmar inaitwa kyat, yaani jina la uzito limebaki juu ya karatasi isiyopimwa tena. Wauza dagaa na mboga wa nchi hiyo, hata hivyo, bado wanapima kwa peiktha, kwa hiyo kipimo chenyewe hakijafa.

Sasa nije kwa wanyama wenyewe, ambao najua ndio waliowaleta wengi wenu hapa.

Ndege mnayemwona mara nyingi zaidi anaitwa hintha. Jina hilo linatokana na hamsa ya Kisanskriti, wala lisichanganywe na hamsa yetu ya Kiarabu inayomaanisha tano. Ni ndege wa majini, wa jamii ya bata bukini, ambaye katika hadithi za Kibudha ni kiumbe mtukufu. Mojawapo ya masimulizi ya kuzaliwa kwa Buddha katika maisha yake ya zamani humfanya mfalme wa mabata bukini. Kwa watu wa kabila la Mon, walioishi kusini mwa nchi, hintha ni zaidi ya hadithi, kwa sababu ndiye aliyeuzaa mji wao. Wanasimulia kwamba zamani mahali palipo mji wa Bago palikuwa bahari, na mwamba mmoja tu ulichomoza juu ya maji, mdogo kiasi cha kutoshea ndege mmoja. Hintha wawili walifika hapo, dume akasimama juu ya mwamba, na jike akasimama juu ya mgongo wa dume. Ikatabiriwa kwamba mahali hapo patakuja kuwa makao ya ufalme mkubwa. Jina la kale la mji huo, Hanthawaddy, limetokana na ndege huyu, alama ya Bago mpaka sasa ni jike aliyesimama juu ya mgongo wa dume, na bendera ya Jimbo la Mon ina hintha juu yake.

Basi mtazameni huyu wa tikali 20 aliye katikati ya meza. Kifua kimejaa, shingo imerudi nyuma kidogo, na mdomo umegusa kifua kana kwamba anajipanga kulala. Chini yake kuna kitako cha ngazi kilichochongwa pande sita. Ukimgeuza utaona alama ya mistari inayotawanyika kama jua au nyota, nayo ni alama ya uhakiki. Vitako vya mawe haya vinatofautiana: viko vya mviringo, vya mstatili, vya pande sita na vya pande nane, na wakusanyaji hutumia tofauti hizo, pamoja na mkao wa shingo na umbo la mkia, kupanga lipi lilitangulia lipi. Hilo linahitaji subira, kwa maana hakuna jiwe lililoandikwa mwaka wake.

Mnyama wa miguu minne mwenye kichwa kilichoinuliwa ni to, kiumbe wa hadithi ambaye wauzaji humwita simba, fahali, na wakati mwingine hata mbwa, kwa sababu hafanani na mnyama yeyote wa porini. Yule mwenye manyoya ya shingo ni chinthe, simba anayelinda milango ya mahekalu. Hapa niruhusuni nitoke kidogo nje ya meza. Jina la Burma si geni katika nyumba za Afrika Mashariki. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Wanaume hao waliziona simba hizi za mawe na chokaa zikikaa mbili mbili mbele ya mahekalu. Ninaposhika chinthe mdogo wa shaba huwa nawakumbuka wao, na ninadhani ni haki wakumbukwe katika ukumbi huu.

Nina jambo ambalo nimelipigania kwa miaka mingi, nalo ni jina. Katika maduka ya vitu vya kale ya Bangkok, London na New York, mawe haya huuzwa kwa jina la mawe ya kasumba, yaani afyuni. Jina hilo linauza sana, kwani linamfanya mnunuzi aone mbele yake moshi, vibanda vya siri na misafara ya milimani. Lakini si jina la kweli. Kasumba huenda iliwahi kupimwa kwa mawe haya, kama ilivyopimwa kila bidhaa iliyofika sokoni, ila wafalme wa Konbaung, waliokuwa Wabudha, waliipiga marufuku, na Bodawpaya, aliyetawala kuanzia 1782 hadi 1819, alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Mfalme huyohuyo ndiye aliyejishughulisha na kusanifisha vipimo vya nchi. Haingii akilini kwamba serikali ihakiki na kutia alama mawe ya biashara ambayo imeikataza. Isitoshe, mtazameni ndege huyu mkubwa wa tikali 100: nani anayekwenda kununua kasumba ya kuvuta kwa kilo 1.63? Jiwe hili lilipima pamba, nta, majani ya chai, viungo, risasi na fedha. Kuliita la kasumba ni kuwanyang'anya wachuuzi wa kawaida, wengi wao wanawake, historia yao na kuwapa wavutaji.

Naomba sasa tuingie karakanani, maana hapa ndipo uzuri na uzito vinapokutana. Mawe haya yalisubiwa kwa njia ya nta. Fundi hufinyanga ndege wa nta, humfunika kwa udongo laini uliochanganywa, huacha tundu, kisha hulipasha moto kalibu mpaka nta iyeyuke na kutoka. Pale nta ilipokuwa hubaki uwazi, na ndani yake humiminwa shaba iliyochanganywa na bati, mara nyingi na risasi pia. Ikishapoa, kalibu huvunjwa. Kila ndege kwa hiyo ana kalibu yake aliyozaliwa nayo na ambayo haipo tena.

Ugumu uko katika uzito. Mtu anaweza kudhani kwamba ndege wa tikali 10 ana kimo mara kumi ya ndege wa tikali moja. La hasha. Uzito hufuata ujazo, kwa hiyo akiwa na umbo lilelile, kimo chake ni zaidi kidogo ya mara mbili tu, na yule wa tikali 100 hafikii hata mara tano. Jicho halisaidii. Fundi wa kusubu hujua kwamba shaba ya namna hii ni nzito takriban mara tisa kuliko nta ya ujazo uleule, na hivyo jiwe la tikali 10, lenye gramu 163, linadai nta ya gramu 18 hivi. Gramu moja ya nta ikizidi mkiani, jiwe limezidi gramu tisa. Ndiyo maana mawe mengi yana alama za tupa chini ya kitako: yalitoka kalibuni yakiwa mazito kidogo, kisha yakapunguzwa kwa subira mpaka mizani ikatulia. Mimi nazipenda alama hizo za tupa kuliko mapambo yote ya kifuani, kwa sababu zinaonyesha saa ile ambayo fundi aliacha kuwa mchongaji na kuwa mpimaji.

Hapo ndipo penye dawa ya kughushi. Mawe mapya ya umbo hili yanasubiwa kwa wingi mpaka leo kwa ajili ya watalii, nayo si kosa yakiuzwa kama vitu vipya. Mtaa wa Tampawaddy huko Mandalay una mafundi wa shaba wenye sifa kubwa. Kosa ni kuyaita ya kale. Miaka yangu ya mwanzo nilinunua, katika soko la usiku la mji mmoja wa Asia, sanduku la mti lenye hintha saba waliopangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, kila mmoja katika shimo lake. Nilifurahi safari nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani niliwapeleka kwa sonara na kuwapima: wa kwanza gramu 139, wa pili 104, wa tatu 71. Hakuna aliyekuwa tikali yoyote, na hakuna aliyekuwa na uhusiano na mwenzake. Fundi wao aliwapanga kwa macho tu ili wapendeze wakikaa pamoja. Walikuwa sanamu za ndege, hawakuwa mawe ya mizani, na ilinichukua muda kukubali hivyo.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi, na ndilo lililonifundisha. Nilinunua hintha mmoja wa tikali 10, mwenye rangi nzuri ya uzee na nyota chini ya kitako. Uzito wake ulikuwa gramu 154.6. Muuzaji aliniambia kwamba zile gramu tisa zimeliwa na mikono ya watu kwa miaka 200, nikaridhika. Baada ya miezi kadhaa nilimtazama tena kwa kioo cha kukuza nikaona ncha ya mdomo na kingo za kitako ni kali kabisa. Jiwe lililochakaa huanza kulika sehemu zilizochomoza. Haiwezekani gramu tisa zipotee na mdomo ubaki mkali. Jawabu lilikuwa la kifundi: shaba hujikunyata inapopoa. Mtu akichukua jiwe la kale, akatengeneza kalibu kutokana nalo na kumimina shaba mpya, nakala hutoka ndogo kwa asilimia moja na nusu au mbili kwa kila upande, na kwa kuwa pande ni tatu, uzito unapungua kwa takriban asilimia tano. Ndege wangu alikuwa nakala ya ndege mwingine, na alichukua kila kitu cha mzazi wake, hata nyota, isipokuwa uzito.

Sisemi kwamba kila jiwe la kweli lina gramu 163.3 kamili. Kipimo hakikuganda karne zote, na matumizi hula. Ndiyo maana silinganishi kipande na jedwali peke yake. Nakilinganisha na vipande vingine vya umbo lilelile na kitako kilekile, kisha natazama mahali kilipochakaa na kujiuliza kama uchakavu huo unatosha kueleza pengo. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi msiyang'arishe. Dawa ya kung'arisha shaba huondoa metali, na kila mnapopaka na kusugua mnapunguza ushahidi pekee ambao mwenye kughushi hawezi kuunakili.

La mwisho ni sheria. Sheria ya Myanmar ya mwaka 2015 ya kulinda vitu vya kale inahesabu kuwa cha kale kitu chochote chenye umri wa miaka 100 au zaidi, na hairuhusu kitolewe nchini bila idhini. Mawe ya kweli yalipoteza kazi yake baada ya 1885, kwa hiyo karibu yote yamo ndani ya sheria hiyo. Mimi sasa nanunua tu kipande chenye karatasi zinazoonyesha kwamba kilitoka Myanmar zamani, na nimekataa vingine vizuri sana ambavyo havikuwa nazo. Muuzaji anayeapa kwamba jiwe ni la kale na papo hapo anasema amelitoa Mandalay mwezi uliopita, ama anadanganya kuhusu umri, ama amevunja sheria. Katika hali zote mbili rudisheni pochi mfukoni.

Nimesema ya kutosha, na vipande vinasubiri. Saba vimewekewa vibandiko vya uzito wake. Cha nane, huyu hintha aliye karibu na mizani, sikukiwekea chochote. Karibuni mmoja mmoja, mshikeni, mgeuzeni, mtazameni mdomo wake na kingo za kitako chake, kisha mwekeni kwenye kitanga na kuniambia alizaliwa kwenye nta au kwenye kalibu ya ndugu yake.